Kirusi Kilichofunga Mlango

Jovita, uko wapi? Nimekasirika! Tumetoka kijijini Kagoma sasa hivi, bosi wangu Dokta Byarugaba kakaa kiti cha mbele cha gari, mimi nyuma nakuandikia.

Unaikumbuka dawa yake ya mnyauko wa migomba? Ile ya virusi vinavyoua bakteria? Aliwaambia watu wa Kagoma wasing'oe migomba iliyougua, wanyunyizie tu. WASING'OE, Jovita!

Leo kibanja cha migomba cha mama Gaudiosa, mmoja wa waliomsikiliza, kimekauka chote. Chote!

Na bosi nilimwambia mapema. Bakteria wa Kagoma wana kirusi chao tayari, kinaishi ndani yao bila kuwaua, na kirusi kingine kikija kinafungiwa mlango. Nikasema tupime kwanza maabara. Akanijibu, "Bakteria ni bakteria." Msomi mzima! Bakteria ni bakteria!

Leo nilipomweleza hayo, mama Gaudiosa akauliza, "Hicho cha ndani kinawapenda sana hao bakteria?" Nikamwambia hapana, kinalinda makao yake tu.

Bosi akadakia, "Mama, nipe kibanja kingine nijaribu tena." Tena! Kasimama katikati ya migomba iliyokufa!

Mama akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, akatugawia wote, hadi dereva. Alipofika kwa bosi, akakifunika.

Jovita, kwetu nani ananyimwa kahawa? Hata mgomvi wako ukimkaribisha unampa!

"Hapa pana wenyewe," mama akasema, akaingia ndani.

Na sasa hivi, hapo mbele, ananiuliza eti yule mama alisahau kumpa kahawa.