Picha Arobaini na Moja za Dirishani

Steshenari, meza ya nyuma ya mashine ya kopi,
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mwanangu Kifungo,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe na mkwe wangu na huyo mgeni wetu mdogo. U hali gani? Mgongo umeacha kukuuma? Maziwa yanatosha? Mtoto analala, au ndiye mkubwa wa nyumba sasa? Nijibu yote, usiruke hata moja, unanijua. Sisi huku ni wazima. Mguu wangu bado una mambo yake, ila nikianza habari za mguu karatasi itaisha.

Mama yako naye ni mzima. Tangu Jumamosi amekuwa mzima kupita kiasi. Anaimba huku anashona, na ile sauti yake unaijua. Wateja wanavumilia, wafanyeje, nguo zao ziko mikononi mwake.

Naandika kwa sababu najua simu aliyokupigia Jumamosi haikukueleza kitu. Alikupigia akalia, wewe nawe ukalia, mtoto akasikia wenzake wanalia akaunga mkono, vocha ikakatika. Hayo nayo ni mazungumzo? Basi kaa chini, mpe mkwe wangu mtoto ambembeleze, nikusimulie tangu mwanzo. Barua hii inaletwa kwa mkono na yule mama wa duka la vitambaa, anakuja huko kufuata mali. Ndani ya bahasha kuna flashi nimeifunga kwenye kipande cha kanga. Usiichomeke popote kabla hujafika mwisho wa barua. Nakuomba, mara moja maishani, mtii mtu mzima.

Alhamisi iliyopita nilipata ujumbe wako. "Mama Mdogo, mwambie mama nimeelewa. Kama hata sauti nilizomtumia na picha ya mjukuu wake hazikumtoa neno, sitamsumbua tena." Niliusoma nikiwa namtolea mtu kopi tano, nikamtolea hamsini. Mjukuu? Mjukuu gani tena? Kumbe umejifungua tangu wiki tatu nzima zilizopita, na ulitaka mama yako awe wa kwanza kujua, ndipo sisi wengine tuambiwe! Heshima nimeiona, mwanangu, lakini ulinikata maini. Nikafunga duka mchana kweupe, nikaenda kwa dada yangu nimefura. Nilikwenda kumgombeza.

Maana mambo ya siku uliyoondoka sote tunayajua. Mama yako alikwisha kuweka cherehani cha pili kwenye chumba chake cha kushonea, chako, ubavuni mwa chake, na wewe ukaja na habari ya kazi ya kiwanda cha nguo huko mbali, alikotangulia mumeo. Akasema ukivuka kizingiti usimpigie simu. Akajifungia jikoni, hata getini hakukufikisha. Na wewe, mtoto wa mama yako kweli, ukalishika neno kama lilivyo. Miezi mitatu kimya. Ulipolainika ukaanza kumtumia sauti, kwa kuwa alikataza kupiga, hakukataza kutuma. Ukaidi wenu umekatwa kwenye jora moja.

Basi nilimkuta dada yangu anatia upindo kwenye gauni. Nikamwaga yote niliyokuja nayo, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Sauti gani?" akaniuliza. "Kifungo hajaniletea neno tangu atoke hapa."

Akanipa simu nijionee. Kifungo, imejaa mpaka pomoni! Ile programu ya ujumbe haifunguki kabisa, inazunguka weee, kisha inajifunga. Nikamuuliza hali hii imeanza lini. Akasema siku nyingi, kila asubuhi simu huuliza jambo kuhusu nafasi, naye hubonyeza "baadaye". Miezi mitano ya baadaye! Ulipoanza kuongea naye, mlango ulikuwa umekwisha kuzibwa.

Hapa nina la kwangu la kuungama. Mwezi wa tano mama yako aliniuliza, "Mbona Kifungo kimya hivi?" Nikamjibu, "Watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, wakipata kwao wanasahau walikotoka." Mimi, mwenye duka lenye kompyuta, ninayekula kwa kuwasaidia watu mambo hayo hayo, sikumwambia hata lete niione hiyo simu. Nilikusengenya kwa mama yako mzazi, na neno langu likamkalia moyoni miezi yote hiyo. Nisamehe, mwanangu. Linaniuma kuliko mguu.

Nikamwambia dawa ni kufuta picha, maana zilikuwa elfu tatu na ushei. Lo! Alininyang'anya simu utadhani nimemshika mtoto shingo. "Hizi si zangu, ni za Kifungo. Akirudi ataziona." Nikambembeleza, basi tufute hizi za mwanzo tu, zimetikisika na kidole chako kimeingia. Akasema hizo ndizo nisiziguse kabisa. Sikumwuliza zaidi. Baadaye nikagundua alikuwa ameshafuta nyimbo zake zote na mahubiri yake yote, moja moja, kila akitaka nafasi ya kupiga picha nyingine. Yaani picha za kukuwekea wewe ndizo zilizoziba njia ya sauti yako. Nilianza kucheka, halafu kicheko kikaniganda.

Tukakubaliana zihamie kwanza kwenye kompyuta yangu, ndipo tufute. Jumamosi asubuhi akaja dukani kavaa gauni la kwendea mahali, simu kaifunga kwenye leso. Nikachomeka waya. Kompyuta kimya, simu inachaji tu, haina habari. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Fundi simu wa mlango wa pili akaja kunitazama ninavyohangaika, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, waya huo ni wa chaji tu, haubebi mzigo." Akaniazima wake. Papo hapo simu ikauliza kama kompyuta iruhusiwe kuona yaliyomo. Mama yako akasema ione picha tu, mengine haiyahusu.

Na nusura nitende dhambi. Mkono wangu umezoea kukata na kubandika kazi za wateja, nikazichagua picha zote na kidole kikaenda kwenye "kata". Fundi akanishika mkono. "Nakili, mama! Ukikata na waya ukachomoka, huku huna na kule huna." Nikanakili. Namshukuru Mungu kwa yule kijana na kicheko chake, kwa sababu hata nusu hatujafika, mwalimu wa hesabu aliyekuja kutoa kopi za mtihani akajikwaa kwenye waya, ukachomoka. Mama yako alipiga yowe watu wakatoka saluni ya jirani. Tukampigisha mwalimu magoti, si kwa adhabu, kwa kutafuta pale waya ulipoangukia. Picha zote zilikuwa salama ndani ya simu. Tukaanza upya, na mwalimu mwenyewe akaomba kulinda waya. Alikaa sakafuni, mguu huku mguu huku, anasahihisha madaftari. Anakusalimu, anasema ulikuwa dhaifu kwenye sehemu lakini hodari kwenye vipimo.

Zilipokwisha kuingia nikasema haya, tufute za kwenye simu. Wapi! Mama yako akavuta kiti, akavaa miwani, akataka azione kwanza zote kwenye kioo cha kompyuta. Nikazipandisha pia mtandaoni, ili hata kompyuta hii ikifa picha zibaki. Akauliza ufunguo wa huko anao nani. Nikamwambia ni neno la siri tu, achague analotaka. Akanigeuza uso ukutani, akaliandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Silijui. Ila nilisikia vibonyezo saba, nawe hesabu herufi za jina lako; nina akili zangu.

Hivyo ndivyo na mimi nilivyoziona. Kuna kitanda chako kimetandikwa. Kuna cherehani chako kila Jumatatu, kimefutwa vumbi kikapigwa picha, kama ushahidi wa mahakamani. Kuna paka amezaa kwenye kikapu cha vipande, nyumba ya jirani ilipopakwa rangi ya kijani kibaya, gauni la mteja ambalo mama yako aliweka mkono wa kushoto kulia, akalipiga picha ili ucheke. Sufuria iliyoungua. Mimi nimesinzia mdomo wazi, hiyo nakuomba uifute. Nikamwuliza kwa nini asikutumie wakati simu ilikuwa nzima. "Mimi ndiye niliyemwambia asinipigie," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Aliporidhika akaanza kufuta za kwenye simu, yeye mwenyewe, na kila moja anaiaga. Nafasi ikapatikana. Nikafungua ile programu, ikafunguka, na simu ikaanza kulia juu ya meza, mlio juu ya mlio, mpaka mwalimu akainua kichwa. Sauti zako sita ziliingia. Za nyuma zaidi zimepotea, mtandao nao hauwezi kumshikia mtu mzigo milele, hizo utamrudia kwa mdomo. Alizisikiliza kwa mpangilio, simu sikioni, kamwe hakukubali nisikie. Kisha ikaingia picha ya mtoto.

Aliiweka simu mezani. Akafuta viganja kwenye gauni, vile anavyofanya akiletewa kitambaa cheupe, ndipo akaishika tena. Akatazama. "Pua yangu," akasema. Basi. Halafu akasimama akawaonyesha wote waliokuwamo dukani, fundi, mwalimu, watu wa saluni, na mtu aliyekuja kununua kalamu tu. Ndipo alipokupigia, na hayo mengine unayajua.

Sasa nifike kwenye flashi. Nimekuwekea zote, lakini kuna folda moja peke yake. Ndani yake ni zile za mwanzo alizonikataza nisiziguse. Ziko arobaini na moja, nimezihesabu. Simu huandika siku na saa ya kila picha, na hizi zote ni za asubuhi ile uliyoondoka, kuanzia saa mbili na dakika sita hadi saa mbili na dakika kumi na moja. Amezipiga akiwa kwenye dirisha la jikoni. Upande mmoja pazia, upande wa pili kidole chake. Uko mlangoni na sanduku lako. Uko chini ya kamba ya nguo. Unahangaika na komeo la geti. Unabadilisha sanduku mkono. Unakuwa mdogo, unazidi kuwa mdogo. Ya arobaini ni kilemba chako tu penye kona. Ya arobaini na moja haina mtu, ni njia tupu.

Ulidhani alijifungia ili asikuone. Mwanangu, hakuacha kukutazama mpaka ukakata kona.

Nikamwuliza kwa nini hakukuita. Alikuwa anavua miwani, hakunitazama. "Nilikuwa nasubiri ageuke," akasema. "Niliapa moyoni, akigeuka mara moja tu, natoka mbio hivi hivi miguu mitupu." Nimeziangalia zote, Kifungo, mbele kwenda nyuma na nyuma kwenda mbele. Hukugeuka. Sikulaumu, nawe ulikuwa unalia, mabega yako yanaonekana.

Anasema Desemba mkija atakuwa amemaliza nguo za mtoto. Ameshashona sita, zote kubwa mno, nimemwambia apime kwa akili asipime kwa furaha. Vipimo vya kweli mtumie wewe, simu sasa inapokea.

Mjomba wako anakusalimu. Fundi simu anakusalimu, na waya wake bado ninao. Mpe mkwe wangu salamu zangu, mwambie namshukuru kwa kumbeba mtoto muda wote huu. Huyo mdogo mbusu paji la uso, kisha pua, hasa pua. Mungu awafunike nyote watatu, awape usingizi wa usiku na riziki ya mchana, awarudishe kwetu mkiwa salama.

Na siku mtakayoondoka tena, kwa kuwa mtakuja na mtaondoka, kazi ni kazi, nakuomba jambo moja tu. Ukifika getini na mtoto mgongoni, geuka.

Wako akupendaye na kukuchosha kwa maneno,
Mama Mdogo