Kutu ya Kijani

Yeoville, Jumamosi, Oktoba 2017

Ndimu na chumvi. Ndivyo mama alivyonifundisha kule Tanga: Idi ikikaribia, kila sinia la shaba lisuguliwe mpaka ujione uso. Leo ujuzi huo nusura unikoseshe kazi.

Kile chombo cha shaba cha Mzee, mwajiri wangu wa mtaa wa Observatory, chenye miguu mitatu na nyuso za wanyama ubavuni, kilikuwa kimeshika kutu ya kijani. Nikadhani ni uchafu. Nimekisugua saa nzima kikang'aa kama dhahabu, nikakirudisha kabatini huku najisifu. Mjinga mimi!

Mzee alipokiona alikaa chini. Akanieleza polepole kwamba babu yake alikuja nacho kutoka China. Mafundi wa zamani walikitengeneza kwa kuiga vyombo vya kale zaidi, na kutu ile ndiyo iliyokipa thamani. Sasa si angeniambia mapema?

"Eish, Mzee, nisamehe," nikasema. Nililia, si uongo. Nikaanza kuvua aproni kabisa, maana nikikosa kazi hii, mimi na wanangu...

Akanizuia. "Zena, mke wangu alitaka kukisafisha kila mwaka mpya wetu wa Kichina. Miaka arobaini nilimkatalia, tukagombana."

Akakibeba mwenyewe mpaka ilipo picha ya marehemu mkewe, akakigeuza ule upande uliong'aa zaidi umwelekee.

"Haya," akamwambia, "umeshinda."