Fimbo Iliyovunjwa kwa Goti

Mama,

Vaa viatu jikoni, vipande vya chupa vimetapakaa. Kaka yuko zahanati anashonwa mdomo. Ni mimi niliyempiga.

Unajua nina dakika ishirini tu za mazoezi ya snuka, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo, kabla ya zamu ya kazi. Nalaza chupa ya soda hapa mezani, naingiza ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa bila kugusa kingo, nikilenga mkono usiyumbe. Mwezi uliopita sikuvuka mara kumi mfululizo. Leo nimefika tisini na tisa, kaka akaninyang'anya fimbo, akaivunja kwa goti huku anacheka. Nikamtandika ngumi akaona vimulimuli, akaangukia chupa. Jino liko kwenye kisahani.

~~Mwambie anisamehe.~~

Mwambie nilimpiga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nautunza, Jumamosi nina mashindano.

Kitindamimba wako