Kifo Hakiletwi kwa Simu

Jumapili, 26 Oktoba

Tena kwenye mabwawa ya Ixelles, huku Ulaya ninakoishi. Mama anayapenda kwa sababu ya bata bukini. Kila Jumapili baada ya misa lazima twende, mvua au jua, na jua lenyewe liko wapi. Amevaa koti langu la zamani. Nimelikunja mikono, maana yeye ni mfupi na hataki kukubali. Leo ameona mbwa aliyevalishwa koti jekundu. Akasema huku mbwa ana koti na mzee hana mgeni. Alicheka mwenyewe mpaka machozi.

Jioni akampigia Mama Mdogo Nabintu, Bukavu. Kila Jumapili dada hao wawili wanaongea, na wote wanapiga kelele utadhani simu hawana. Leo ilikuwa bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na ndoa ya jirani. Nilikaa nao nikimenya viazi. Mama Mdogo akaniuliza kama nimenenepa. Nikasema kidogo. Akamshukuru Mungu.

Yeye ndiye aliyenilea, nyumbani kwake mtaa wa Kadutu, tangu nina miaka saba mpaka nikawa msichana, wakati Mama akizunguka na biashara ya samaki huko Kalemie. Nikisahau lile neno "mdogo" hakuna anayenisahihisha.

Mama atakaa hadi Januari, viza hairuhusu zaidi. Nina furaha. Naiandika kwa sababu si kawaida yangu kuiandika.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mama Mdogo amekufa.

Kaka Déo alinipigia kutoka Bukavu nikiwa kazini, kwenye duka la kurekebisha nguo karibu na Chaussée d'Ixelles. Wateja walikuwa wengi. Nilijifungia katika kile chumba cha kujaribia nguo. Akasema presha, jana jioni, hawakuwahi hospitali. Nikajiona kwenye kioo nikijibu ndiyo, ndiyo, nimesikia. Nje kulikuwa na bwana mmoja anasubiri suruali yake. Nikatoka nikampa.

Déo ndiye mkubwa wetu, neno lake halirudi. Ameamuru Mama asiambiwe. Mama naye ana presha. Na kwetu kifo hakiletwi kwa simu, wala hakiletwi na mtu mmoja. Watu wanakuja kwanza. Wanajaa nyumbani, wanakukalisha katikati yao, wanasali, kisha mkubwa anasema. Ukianguka unaangukia mtu. Hapa kuna vyumba viwili na mimi. Kwa hiyo Mama atarudi Bukavu Januari, atakuta ukoo umekusanyika, ataambiwa hapo. Mpaka siku hiyo nifunge mdomo.

Nilidhani nitalia kwenye basi. Basi lilikuwa limejaa. Nyumbani Mama alikuwa amepika sombe, kisamvu chetu. Nimekula. Niliomba aniongeze, ili asiniulize kitu.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Maua ya makaburini yamejaa mbele ya kila duka. Kanisani Mama aliwasha mshumaa wa Papa, baba yangu marehemu. Nikawasha wa pili. Akauliza ni wa nani. Nikasema wa wote.

Jumapili, 9 Novemba

Simu ya Mama Mdogo "imeanguka majini". Huo ni uongo wa Déo. Leo nimeongeza wangu: simu imepona, ila mwenyewe amekwenda Walungu kwa shemeji zake na mtandao huko ni wa kubahatisha. Mama aliamini mara moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Akaenda jikoni kumrekodia ujumbe wa sauti. Nilikuwa napiga pasi, nikasikia kila neno. Alimwambia baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Alimwambia nimekuwa mtu wa kimya, pengine kuna mwanaume. Baadaye zile alama za ujumbe zikageuka buluu na Mama akaniita nizione. Amesikia, alisema, amenisikia.

Ni Chantal, binti wa marehemu, ndiye anayeshika simu hiyo sasa. Ameniandikia kwamba anasikiliza kwa sababu sauti ya Mama na ya mama yake ni moja.

Jumamosi, 15 Novemba

Kusuka nywele, Galerie d'Ixelles. Maman Jolie mwenye saluni ni mtu wa Bukavu, tunasali naye. Nilimpigia asubuhi nimwonye. Alikuwa anajua tayari. Matonge, mtaa huu wa watu wetu, yote inajua, ila mama yangu.

Tulipoingia saluni nzima ikanyamaza. Mtu akazima muziki. Mama akapewa kiti kizuri, mto wa mgongoni na Fanta; nami nikapewa Fanta. Wanawake wasiojua hata jina lake waliinuka wakamshika mkono kwa mikono miwili. Mmoja akaanza kusema pole, Maman. Jolie akamkanyaga mguu. Yule akamalizia: pole ya baridi.

Njiani Mama akasema watu wa hapa wana adabu, yeye alikuwa anawasingizia. Nilitaka kucheka. Nilijichukia kwa kutaka kucheka.

Jumanne, 18 Novemba

Mama amenunua kitenge. Cha kijani, maua makubwa ya manjano. Anataka nimshonee Mama Mdogo libaya, yaani blauzi, na sketi za Pasaka. Vipimo nichukue kwake, anasema, tangu ujana wao walikuwa wanaazimana nguo. Nikasema sawa.

Nimekiweka chini kabisa, chini ya nguo za wateja ninazoleta nyumbani.

Jumapili, 30 Novemba

Msituni, Bois de la Cambre. Majani yote chini, yameoza, yanateleza. Mama alitembea mbele yangu na hakutaka nimshike mkono. Nilijua kuna jambo. Amekuwa akiuliza habari za kitenge kila nikitoka kazini, nami nina jibu kila siku: zipu ya fulani, sherehe ya fulani, nimechoka.

Tulikaa kwenye benchi kungoja tramu. Akasema bila kuniangalia:

"Espérance, ju ya nini unashindwa kushonea mama yako mudogo? Nguo za Bazungu unamaliza mbio mbio. Ule njo alikubeba ku mugongo."

Nikasema kazi ni nyingi. Akasema asante ya punda ni mateke. Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ni mbaya kuliko hasira.

Basi niwe punda. Afadhali punda kuliko kumwambia.

Naandika hivyo lakini si kweli. Imeniuma sana. Kati ya watu wote wa duniani, nionekane huyu ndiye niliyemsahau.

Jumanne, 9 Desemba

Nilimpigia Déo nikiwa nje, nimwombe ruhusa. Amekataa. Amesema Mama akianguka lawama nitabeba mimi. Nikamwambia watu wapo, kuna Maman Jolie, kuna kikundi cha sala. Akasema hao si ukoo.

Nina hasira na Déo. Nina hasira na Mama Mdogo pia, kwa kufa Mama akiwa mbali. Najua ni upuuzi. Leo kazini nilishona mfuko wa koti la mtu ukafungika kabisa, hata kidole hakiingii. Bosi alicheka sana. Nilikaa nikafumua.

Sijalia bado. Nyumba ndogo, kuta nyembamba, na Mama ana masikio ya sungura.

Jumamosi, 20 Desemba

Wiki hii nilikata kitenge. Sikuweza kuona tena uso wa Mama kila jioni nikiingia. Nilijiambia ni kitambaa tu. Sketi imetoka vizuri. Libaya nimelishikiza kwa pini, leo nikamwita ajaribu.

Mama alisimama katikati ya sebule, nimepiga magoti mbele yake, pini mdomoni. Alikuwa na furaha. Amenisamehe, nilimwona. Akasema Nabintu ni mwembamba kuliko yeye kiunoni, nipunguze. Nikapunguza. Akasema kwapani niache nafasi, maana dada yake akiimba kanisani lazima ainue mikono juu. Akainua yake anionyeshe.

Nilitoa pini mdomoni, moja moja. Mama akateremsha mikono. Sikuwa nimepanga maneno.

"Maman, hataivaa."

Sikuhitaji kuongeza. Akauliza:

"Ni nani alikuwa naye?"

Nikasema Chantal, alikuwa amemshika mkono. Akauliza lini. Nikamwambia. Akakaa sakafuni na nguo imejaa pini, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata Papa alipofariki. Nikamkumbatia. Akanitoa mikono. Nilichomoa zile pini huku amevaa, ili zisimchome, na yeye hakunisaidia wala hakunizuia. Nikampima presha. Imepanda, si ya kutisha. Nikampigia Maman Jolie.

Jumapili, 21 Desemba

Watu wamekuja. Sofa imesukumwa ukutani, magodoro yamewekwa chini. Maman Jolie kaleta mikate, sukari na chupa kubwa za chai. Tonton Pascal, mzee wa kikundi chetu cha sala, aliongoza nyimbo. Mama alikaa katikati, kitambaa kichwani, na kila aliyeingia aliinama akamshika. Alikuwa na watu wa kulia naye. Nashukuru.

Mimi nilikuwa jikoni. Chai, vikombe, chai. Mama hajaniangalia tangu jana. Déo alipiga akanifokea mpaka salio lake likaisha.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Hatukwenda popote. Wali na maharage.

Mama ameongea. Alisubiri nimalize kula kwanza, huyo ni Mama.

"Uliniacha nasukwa nywele, nakunywa Fanta, nanunua kikwembe. Na mudogo wangu iko mu udongo."

Nikasema Déo alikataza. Akasema Déo hakuwa akilala chumba kimoja naye. Nikasema niliogopa presha. Akasema presha ni yake, si yangu. Yote ni kweli. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikunywa Fanta ile ile, nikaona ni neno la kijinga.

Baadaye, naosha vyombo, akaja akasimama mlangoni. Akauliza mimi niliambiwa vipi. Nikamweleza: kazini, kwa simu, katika chumba cha kujaribia nguo, nimesimama. Nani alikuwepo? Hakuna, bwana wa suruali. Akauliza nililia wapi. Nikasema bado.

Akaniangalia, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani.

Jumatano, 31 Desemba

Fataki tangu mchana. Mama anapanga sanduku, anapangua. Tunaongea mambo ya sanduku tu. Nilipokuwa bafuni alikuwa na Maman Jolie kwenye simu, sauti ya chini. Nilifikiri ananisema. Ni haki yake.

Jumapili, 4 Januari

Mama anaondoka wiki hii.

Baada ya misa alinituma maziwa. Nikashangaa, maziwa yalikuwepo. Nikaenda hivyo hivyo. Theluji nyembamba, ya kuchafua viatu tu. Niliporudi kulikuwa na viatu vingi nje ya mlango wetu, na ndani watu wako kimya.

Magodoro yamerudi sakafuni. Maman Jolie, Tonton Pascal, wanawake wa saluni, hata yule wa pole ya baridi. Nilijua kuna kifo kingine, nikaanza kuhesabu watu wetu: Déo, Chantal, watoto wa Déo.

Mama akanipokea maziwa. Akanivua koti. Akanishika mkono akanikalisha katikati ya wanawake, naye akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Akawaambia wageni:

"Mutoto wangu bado hajaambiwa."

Tonton Pascal akasali, sala fupi. Halafu Mama, kwa sababu hapa ndiye mkubwa wetu, akaniambia:

"Espérance. Mama yako mudogo Nabintu amekufa. Alikufa kwake, Kadutu. Chantal alikuwa amemushika mukono. Sasa lia."

Nililia mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vya wageni. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.