Kitufe cha Kumkataa Mgeni

Mjomba Toktosun,

Shikamoo. Huku Bishkek theluji imegeuka matope, na kikohozi cha Mama kimepungua.

Lile gemu tulilotengeneza mimi na rafiki yangu Bektur kwenye mashindano ya watengeneza gemu limeshika nafasi ya pili. Mchezaji anapewa familia, nyumba ya milimani na kondoo, na lazima awavushe wote majira ya baridi. Kondoo niliwachora kama wako walivyokuwa kabla theluji haijawamaliza.

Mwanzoni kila aliyecheza alikufa njaa. Wageni walibisha hodi, wakakaribishwa, wakala, nyama ikaisha. Jaji mmoja kutoka ng'ambo akauliza, "Kitufe cha kumkataa mgeni kiko wapi?"

Tukatazamana. Bektur akacheka: "Kumkataa mgeni? Hebu tuonyeshe, bosi, inafanywaje hiyo!"

Wallahi wazo hilo halikuwahi kutujia. Lakini muda ulikuwa unayoyoma, nikakiweka mwenyewe, chekundu. Watu wakaanza kushinda.

Jana nikampa Mama acheze. Mgeni wa kwanza, mzee mwenye kofia ya manyoya, alipobisha tu, Mama akabonyeza chekundu.

"Mama! Hata chai?"

"Chai ya nani? Mimi nina watoto."

Halafu akaenda jikoni, na hakurudi kucheza.

Mjomba, najua bado unasubiri dada yako akujibu kama utakuja kukaa kwetu. Hajaniambia kitu. Ila natamani kile kitufe nisingekiweka.

Mpwa wako,
Aizirek