Sukuma Wiki ya Bibi

Mpendwa Dada Hilke,

Kabla sijakuuliza hali, acha nilitoe kwanza hili, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Sukuma wiki anayonipikia Bibi siili. Nawamwagia kuku tangu Novemba. Hakuna anayejua, ila wewe sasa.

Haya, hujambo? Kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Bibi. Baba anakusalimu, anasema simu si mwiba, ukiishika haitakuchoma.

Unamjua Bibi. Maisha yake yote amepika sufuria kubwa ya sukuma wiki kila Ijumaa, akisema anayeila siku hiyohiyo hajui kula, kwamba lazima ilale na soseji na nyama ya moshi, ipashwe hata mara tatu. Daktari aliponieleza kwamba mwili wangu unashindwa kuiondoa histamini, ile kemikali inayozidi katika chakula kilichokaa, na kwamba chakula kilicholala namna hiyo ndicho kinachonitoa vipele na kunipasua kichwa, nilidhani Bibi atacheka. Hakucheka. Alimwomba nesi wa daktari amwandikie yote kwa herufi kubwa. Sasa kila asubuhi anatoka na fimbo yake, anakata majani machache bustanini, anayapika papo hapo kwenye kisufuria cha maziwa kwa chumvi na viazi tu, na kuniita kabla mvuke haujaisha. Ile sufuria ya Ijumaa ameiacha kabisa. Baba alinung'unika kwamba nyumba imegeuka hospitali. Bibi akamjibu kwamba kama anaitaka iliyolala, akalale nayo.

Mimi hupokea bakuli na kusema nitakula chumbani huku nikijaza fomu za kazi. Kisha napita mlango wa nyuma.

Jumamosi kijiji kilifanya yale matembezi ya kila mwaka ya kwenda kula sukuma wiki mkahawani. Bibi, aliyepelekwa kwa gari kwa sababu ya goti, alinibebea kisufuria changu mapajani, kimefungwa taulo kama mtoto. Mzee Onno wa jirani akamuuliza mbele ya watu kama siku hizi ananyonyesha. Meza nzima ikacheka. Bibi akasema wacheke tu, mjukuu wake ameshaanza kupata rangi, akanishika shavu. Dada, sina rangi yoyote. Ilikuwa baridi tu. Nilitia kijiko mdomoni kwa sababu ananitazama, nikaitema kwenye leso alipogeuka.

Na sasa lile ambalo hata kuliandika naona haya. Sukuma wiki hiyo hainidhuru. Daktari aliniruhusu, na Bibi hajakosea hata chembe. Mwishoni mwa Oktoba niliila mara moja, nikakaa mchana kutwa mbele ya kioo nikingoja vipele. Havikuja. Kesho yake bakuli lilipowekwa mbele yangu, mdomo ukakataa kufunguka. Nakumbuka tu ile Alhamisi kabla ya Pasaka iliyopita, spinachi ya shule, koo likivimba na darasa zima likinitazama. Nilianza kuacha spinachi, nikaacha nyanya, nikaacha chai, wewe fikiria, mtu wa kwetu kuacha chai! Daktari hakuniambia niache yote hayo. Sasa nakula wali na tufaha, na wiki hii tufaha nalo limeanza kunitisha. Ile nafasi ya mafunzo kule mjini Emden nimeikataa, kwa sababu wanafunzi hula pamoja mchana. Nimemwambia Baba nafasi zimejaa.

Jana Bibi aliagiza mbegu. Anasema mwaka huu atang'oa maua yake ya mbele, apande sukuma wiki yangu mpaka barabarani. Sikuandikii ili unishauri, Dada. Kila ushauri nimeshajipa mwenyewe, na kila asubuhi naupita mlango uleule.

Msalimie shemeji Matthes na mama yake. Pasaka ukija ukanikuta nimekonda, sema nimerefuka. Bibi asijue kamwe, wala Baba, maana atamwambia. Nakuomba sana, hili libaki kwako.

Mdogo wako,
Tomma