Mtaro Uliopita Kabla ya Mengineyo

Jumamosi, 3 Mei 2025

Kosa wanalofanya wengi kwenye mkutano wa mtaa ni kuyaamini mengineyo. Ajenda ya mwisho, kila mtu atapata nafasi! Lakini mengineyo hayapigiwi kura. Yakifika, watu wameshakunja viti na mwenyekiti anajibu kwa heshima tu. Nalijua hilo tangu nikiwa mwalimu mkuu. Leo nimelijua bure.

Ajenda ya pili: mtaro wa sokoni utokee nyuma ya uzio wa shule. Jirani yangu Bupe akasimama. Kisima chake kiko hapohapo, na wanafunzi huchota kwake bomba la shule likikauka — nalo halikawii kukauka. Alianza kwa kelele, kidole usoni kwa mwenyekiti. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikamwambia akae kwanza, kuna utaratibu, litaingia kwenye mengineyo.

Makofi! Mwenyekiti akachekelea: Mwalimu Erasmus keshasema, sie ni nani? Mikono juu. Mtaro umepita.

Mengineyo yalipofika mvua ilishaanza, wengi wamekimbilia nguo kwenye kamba. Bupe akaeleza taratibu, vizuri sana, kama nilivyotaka. Tulimsikiliza wachache. Hoja "imepokelewa".

Akanipita mlangoni. Si nimesubiri, mwalimu? Hakuniaga.

Jumanne, 13 Mei

Vijana wa sururu wamefika kuchimba mtaro. Nimekwenda ofisi ya mtaa kuomba wasimame kwanza. Mtendaji ni Fredrick, nilimfundisha darasa la sita. Shikamoo mwalimu, karibu kiti, soda — lakini muhtasari umeshasainiwa, mkutano ujao ni Julai. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa: kwani siku ile hukuwepo?

Nilikuwepo.

Jumapili, 18 Mei

Mvua usiku kucha. Maji ya soko yamefurika mtaroni — maganda, matumbo ya samaki, na mengine sitaki kuyaandika. Yameingia kisimani. Bupe amefunika kwa bati na tofali juu. Nimemkuta anakwangua matope. Nikaanza kumweleza habari za klorini, kiasi gani kwa maji kiasi gani. Akaendelea kukwangua.

Jumatatu, 19 Mei

Bomba la shule kavu. Watoto wamesogeza bati, wamekunywa. Nani angewakataza? Bupe alikuwa gengeni. Mimi nilikuwa barazani, nasoma gazeti.

Jumatano, 21 Mei

Sesilia, mjukuu wa Bupe, amelazwa kituo cha afya tangu jana jioni. Anahara, anatapika. Wenzake wengine wako nyumbani na matumbo. Afisa afya anakuja leo shuleni kuongea na wazazi.

Genoveva, mwalimu mkuu wa sasa, amenipigia. Wazazi wamekubaliana nianze mimi. Eti mwalimu ukiongea wewe, wakubwa wanaelewa. Zamani ningefurahi!

Nimepita kwa Bupe kumpa pole. Alikuwa anamimina uji kwenye chupa, wa kumpelekea mtoto. Hakuinua macho. Kaongee wewe, mwalimu, unajua utaratibu. Mie na mjukuu wangu tutaingia kwenye mengineyo.

Nimerudi ndani, nimevaa shati la kola, nimelivua.

Pikipiki ya afisa imesimama kwenye geti la shule. Mlango wa Bupe bado umefungwa, hajatoka.

Erasmus, leo mbishie hodi Bupe, umpeleke mbele aanze yeye, nawe ukae kimya.